"Tit for tat" hasa maana yake nini, na hizo tit na tat zenyewe ni vitu gani?

Msomaji wa Pembeni

Wakuu habari zenu, nina swali la lugha na najua humu kuna watu wamekula kitabu.

Siku hizi nasoma sana habari za kiingereza, sasa kuna huu msemo wa "tit for tat" kila kukicha nakutana nao, mara Marekani na China wako kwenye tit for tat ya ushuru, mara nchi imefukuza wanadiplomasia na yenyewe wa kwake wakafukuzwa ikaitwa tit for tat, juzi tena kwenye uchambuzi wa mpira jamaa anasema makocha wawili wanarushiana maneno tit for tat. Kwa juu juu nimeelewa ni kulipizana, ukinizingua nakuzingua, hapo sina shida.

Shida inaanzia hapa. Kwanza, je ni kisasi tu kama kisasi kingine? Maana wenyewe tayari wana "revenge", sasa hii nyingine ya kazi gani. Pili hivi vitu viwili ni nini hasa, nimefungua kamusi naambiwa tit ni ndege mdogo, halafu kuna maana nyingine ambayo nikiiandika hapa nafungiwa akaunti 😅 na tat ndo kabisaaa, mara takataka za bei rahisi mara tattoo, nikafunga kamusi. Tatu kutokana na hiyo maana niliyoiruka, mtu ukiiandika kwenye barua ya ofisini si utaonekana huna adabu?

Mwenye kujua aniweke sawa, nawasilisha.

BintiKamusi

Mleta mada karibu, na toa hofu kabisa kuhusu hiyo maana uliyoiruka, haimo. Ile imetokana na neno "teat", ina njia yake, na yule ndege naye ana njia yake, wamekutana tu kwenye matamshi. Hapa tit na tat zote mbili ni vipigo.

Iko hivi. Zamani waingereza walikuwa na "tip for tap". Tip ilikuwa ni kumsukuma mtu kidogo, kumdonoa hivi, na tap ni kumgonga kidogo, hii ya pili hata leo ipo, mtu akikugusa begani kwa vidole ili ugeuke hiyo ndo tap. Kwahiyo tip for tap ni kakofi kwa kakofi. Hakuna anayetoka damu hapo wala anayelazwa.

Kuna mtu mmoja kwenye hii stori nampenda sana, Charles mtawala wa Orléans, damu ya kifalme ya Ufaransa. Waingereza walimkamata kwenye vita ya Agincourt mwaka 1415, walimkuta yuko hai chini ya rundo la maiti na mavazi yake mazito ya vita ya chuma mwilini, wakambeba mpaka Uingereza na wakamshikilia mateka miaka 25, ameachiwa 1440. Sasa miaka 25 mtu utafanya nini, jamaa akawa anaandika mashairi, ya kifaransa na yapo ya kiingereza pia yanayohesabiwa kuwa yake, na humo kwenye ya kiingereza tip na tap zinatajwa pamoja, tena kwa kuzitofautisha na mapigo makubwa, yaani anasema haya ni mapigo ya nguvu jamani, si tip wala tap. Shikilia hapo maana ndo jibu la swali lako la kwanza limejificha, toka mwanzo kabisa maneno haya yalikuwa ya vipigo vidogo.

Umbo la "tit for tat" tunalolijua sisi lipo kwenye kitabu cha mwaka 1556 cha John Heywood, The Spider and the Flie. Heywood alikuwa mtunzi wa michezo kwenye jumba la kifalme na mkusanyaji wa methali, kitabu chake cha methali cha 1546 ndo humo utakuta ile ya Roma haikujengwa siku moja kwa kiingereza, halafu binti yake ndo mama wa mshairi John Donne, kwahiyo ukoo mzima ni wa kalamu. Hicho cha buibui ni shairi refuuu, nzi kanasa kwenye utando dirishani na badala ya kuliwa wanaanza kubishana sheria kama mawakili, kurasa na kurasa. Chini yake ni fumbo la dini, nzi ni wakatoliki buibui ni waprotestanti, na mfagiaji anayekuja mwisho kusafisha dirisha ni malkia Mary. Heywood mwenyewe mkatoliki kwahiyo unaweza kukisia nani anapondwa kwa kiatu. Na tit for tat ya humo ni ya mabishano, neno kwa neno hoja kwa hoja, hakuna aliyeshika panga.

Tip for tap nayo haikufa siku hiyo hiyo, George Gascoigne miaka ya 1570 bado anaiandika vile vile. Wataalamu wengi wanaona ulimi tu ndo uligeuza p ikawa t, kiingereza kinapenda sana huo mdundo wa i kwanza halafu a, angalia chit-chat, angalia zigzag. Wapo wanaosema eti imetoka kiholanzi "dit voor dat", hii kwa ile, wengine wanaivuta kwa wafaransa "tant pour tant", kiasi kwa kiasi. Zinavutia masikioni ila mi siziafiki, kwanini uvuke bahari kutafuta wakati tip na tap zimekaa pale pale nyumbani kwao.

Na la mwisho la kuchekesha, London ya mashariki wana mchezo wa kuficha maneno kwa vina, unachukua kifungu kinachomalizikia sauti moja na neno lako. Hat ina kina na tat, kwahiyo kofia ikaitwa tit for tat, ikakatwa ikabaki "titfer". Ukisikia mzee wa kule anatafuta titfer yake ujue anatafuta kofia, hana ugomvi na mtu 😂

Mkali wa Kona

Mnazunguka mno. Dawa ya moto ni moto. Ukimwaga mboga namwaga ugali. Hiyo ndo tit for tat, uzi ufungwe.

Mizani ya Haki

Mkuu Mkali wa Kona usifunge kwanza, umetaja viwili na vyote viwili sio.

Ukimwaga mboga namwaga ugali maana yake wote tunalala njaa, mimi niko radhi niumie ilimradi na wewe uumie. Huo ni ukorofi mtupu, hauna kipimo. Tit for tat ina kipimo na ndo roho yake. Umenifanyia kimoja nakufanyia kimoja cha aina ile ile na ukubwa ule ule, halafu basi, nimenyamaza nakuangalia. Nikikufanyia viwili tayari nimetoka nje ya msemo nimeingia kwenye kisasi, na hapo ndo "revenge" inapoanzia, maana revenge haina mwisho wala haijali ukubwa, mtu anaweza kukuchomea nyumba kwa sababu ulimcheka.

Nadhani unachanganya na jicho kwa jicho, na hata hiyo watu wengi wanaielewa kinyume. Twende taratibu. Sheria za Hammurabi mfalme wa Babeli, zimechongwa kwenye jiwe jeusi refu kuliko mtu, mita 2 na robo hivi, wafaransa walilichimbua Susa kule Iran mwaka 1901 na leo liko Louvre, Paris. Sheria ya 196 inasema mtu huru akiharibu jicho la mtu huru mwenzake, la kwake liharibiwe. Sawa. Ila teremka kidogo tu, ya 198, akiharibu jicho la mtu wa tabaka la chini analipa mina moja ya fedha (mina ni kipimo chao cha uzito), na ya 199 likiwa la mtumwa analipa nusu ya thamani ya mtumwa. Jino hivyo hivyo, la mwenzako wa hadhi moja ling'olewe lako, la mtu wa chini lipa theluthi ya mina. Kwahiyo jicho kwa jicho ilikuwa ya walio sawa tu, wengine walikuwa na bei. Ukiisoma vizuri unaona mtu amekaa na mizani.

Warumi nao, zile sheria zao za Meza Kumi na Mbili za miaka ya 450 hivi kabla ya Kristo, inasema mtu akimvunja mwenzake kiungo, na wasipopatana, basi iwe talio, yaani afanyiwe vivyo hivyo. Ona hapo katikati, WASIPOPATANA. Kwanza mkae chini muongee. Na hiyo talio ndo imezaa "retaliate" ya kiingereza.

Kwenye Biblia iko Kutoka 21:24, Yesu akaja kuigeuza Mathayo 5:38 na ule mstari unaofuata wa kugeuza shavu. Kwenye Kurani iko Al-Maida aya ya 45, na pale pale aya inaendelea kwamba atakayesamehe itakuwa kafara kwake. Na hata neno letu kisasi limetoka kwenye kiarabu, kisasi cha kisheria ambacho ndani yake mna usawa na mipaka, ila likishafika mdomoni kwetu limevimba mpaka mtu akisikia kisasi anaona panga tu.

Zote hizi zilikuja kuzuia mtu asivuke. Umepoteza jicho basi dai jicho, usiue ukoo mzima. Watu wanazisoma kama ruhusa ya kuumiza wakati zilikuwa kikomo. Tit for tat iko familia hiyo ila ni mdogo wao wa mwisho, haina damu, ni ya makofi na maneno na hila ndogo ndogo.

Msomaji wa Pembeni

BintiKamusi na Mizani shukrani sana, hiyo ya mateka aliyefunikwa na maiti akaishia kuwa mshairi sikuitarajia kabisa.

Ila sasa Mizani nikubane kidogo. Kama ni kimoja kwa kimoja, mbona kwenye magazeti wanaiandika hata pale watu wanapandishiana tu kila siku? Ushuru ule ulikuwa unapanda asubuhi na jioni, hapo kipimo kiko wapi?

Mtazama Ramani

Hapa naomba niingie maana siasa za kimataifa ndo ugonjwa wangu.

Wanadiplomasia ndo watu wanaofuata kipimo mpaka inachekesha. Mwaka 1985 Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB (shirika la ujasusi la Usovieti) aliyekuwa anawapa waingereza siri miaka mingi, alitoroshwa akafika Uingereza. Septemba waingereza wakatangaza wanafukuza warusi 25 waliotajwa kuwa majasusi. Siku 2 baadaye Moscow ikafukuza waingereza, wangapi? 25. Waingereza wakaongeza 6. Moscow nao 6. Mwisho wa siku 31 kwa 31 wakaacha. Sasa jiulize, kweli pale Moscow walikuwa na majasusi 31 wa kiingereza kamili kabisa, si zaidi si pungufu? Hakuna. Namba yenyewe ndo ujumbe, inasema tumekusikia, tumejibu, na hatutaki kuendelea kuliko ulivyofika.

2018 ikajirudia, baada ya Sergei Skripal, jasusi wa zamani wa Urusi aliyewapa waingereza siri, na binti yake kupewa sumu Salisbury, Uingereza, mwezi wa 3. London ikafukuza 23, Moscow 23, japo hapo Moscow iliongeza kuifungia British Council, taasisi ya utamaduni ya waingereza, na ubalozi mdogo wa waingereza St. Petersburg, kwahiyo kidogo walizidisha chumvi. Marekani ikafukuza 60 na kufunga ubalozi mdogo wa Urusi Seattle, Urusi ikafukuza 60 na kufunga ubalozi mdogo wa Marekani St. Petersburg. Hii sasa ndo tit for tat ya kitabuni, hata jengo wametafuta la kulingana.

Ushuru ni mnyama mwingine. Angalia ilivyoanza, tarehe 6 Julai 2018 Marekani inaweka asilimia 25 kwenye bidhaa za China za dola bilioni 34, siku hiyo hiyo China asilimia 25 kwenye bidhaa za Marekani za dola bilioni 34. Agosti 23, bilioni 16 kwa bilioni 16. Mpaka hapo msemo umekaa vizuri kabisa. Septemba Marekani ikapiga bilioni 200, China ikajibu na... 60. Kwanini isijibu 200? Kwa sababu haikuwa nazo! Mwaka wa nyuma yake Marekani ilinunua China bidhaa za zaidi ya dola bilioni 500, China ilinunua Marekani kama bilioni 130 tu. Huwezi kutoza ushuru kitu ambacho hununui. Kipimo kiliisha upande mmoja, na ndo maana baada ya hapo ikabidi watafute njia nyingine za kubanana.

2025 wakajifunza, safari hii wakapimana kwa asilimia badala ya mabilioni, maana asilimia haziishi. Mwezi wa 4 Marekani ikatangaza 34, China 34. Marekani ikapandisha ikawa 84, China 84. Marekani 125, China 125, na ukijumlisha ule ushuru mwingine wa kabla Marekani ilifika 145. Hapo China ikasema ikipandishwa tena haijibu, bidhaa zenyewe kwa bei hiyo tayari haziuziki. Mwezi wa 5 wakakutana Geneva wakashusha wote kwa pointi 115.

Kwahiyo kaka, kila ngazi peke yake ni tit for tat, 84 kwa 84. Ila ngazi zikiwa nyingi tayari ni kupandishana na wao wana neno lao lingine la hiyo, escalation. Waandishi wanazichanganya kwa sababu tit for tat ni fupi na inakaa vizuri kwenye kichwa cha habari, hamna sababu nyingine.

Fundi Programu

Nimeshangaa mpaka hapa hakuna aliyetaja kompyuta, wakati huu msemo umepata heshima yake kubwa huko.

Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa chuo kikuu cha Michigan, karibu na mwaka 1980 aliandaa mashindano ya programu. Gemu ni lile la wafungwa wawili, kila raundi kila mmoja anachagua kushirikiana au kusaliti bila kujua mwenzie kachagua nini. Mkishirikiana wote mnapata 3 kila mtu. Ukimsaliti anayeshirikiana unapata 5 yeye 0. Mkisalitiana mnapata 1 1. Raundi 200 kila mechi. Wataalamu wa uchumi, saikolojia, hesabu, siasa wakaleta programu 14, na Axelrod akaongeza moja inayochagua hovyo hovyo.

Nyingine zilikuwa ndefu zinapiga mahesabu ya kumkisia mwenzie, zinajaribu kumwibia kidogo akizubaa. Iliyoshinda ndo iliyokuwa FUPI kuliko zote, imeletwa na Anatol Rapoport wa chuo kikuu cha Toronto, mzee ambaye kabla ya hesabu alikuwa mpiga piano wa majukwaani. Jina la programu yenyewe Tit for Tat. Amri zake ni mbili tu, raundi ya kwanza shirikiana, kuanzia hapo fanya alichofanya mwenzio raundi iliyopita. Imeisha.

Axelrod akasema labda imebahatisha, akatangaza matokeo na maelezo yote akaitisha mashindano ya pili. Zikaja programu 62 kutoka nchi 6, watu wanajua kabisa nani alishinda na kwanini, wamekuja kumtoa. Rapoport akaleta ile ile, hajabadilisha hata herufi. Akashinda tena.

Sasa kinachonifurahisha kuliko vyote ni hiki, Tit for Tat haiwezi kumfunga mpinzani wake kwenye mechi hata moja. Haiwezi! Haiwi ya kwanza kusaliti, kwahiyo kizuri kabisa inachopata kwenye mechi ni sare au kufungwa kidogo. Inashinda ligi bila kushinda mechi. Wale wajanja wanaosaliti wakikutana wenyewe kwa wenyewe wanaumizana 1 1 1 1 mpaka mwisho, yeye huku anaokota 3 3 3 kwa kila anayekubali kushirikiana. Mkali wa Kona na moto wako, hapo unasemaje 😂

Na sio nadharia tu. Mliowahi kushusha faili kwa torrent, ule mfumo wa watumiaji kugawiana vipande vya faili wenyewe kwa wenyewe, mmeitumia bila kujua. Bram Cohen alipotengeneza BitTorrent mwaka 2001 shida ilikuwa walafi, watu wanaovuta na hawatoi. Akaweka utaratibu ambao kompyuta yako inatoa vipande kwa wachache wanaokupa kwa kasi zaidi, kawaida 4, na inawapima upya kila sekunde 10. Asiyetoa anabanwa. Halafu, na hapa ndo akili ilipo, kila sekunde 30 inamfungulia mtu mmoja wa bahati nasibu hata kama hajatoa kitu, ili mgeni ambaye ndo kwanza anafika na hana hata kipande kimoja apate pa kuanzia. Yaani ile raundi ya kwanza ya kushirikiana, ipo humo humo.

Mkali wa Kona

Nasema hivi, mashine hazina hasira. Watu wawili wakishaanza hakuna anayekubali kuwa yeye ndo wa kwanza, kila mmoja anasema mimi nimejibu tu. Sasa hiyo sare yenu mtaipigia hesabu kuanzia wapi?

Fundi Programu

Hapo umepiga penyewe, na wenye gemu wameliona. Chukua Tit for Tat mbili zinacheza zenyewe kwa zenyewe, zinashirikiana vizuri kabisa, mara moja tu ujumbe ukaharibika njiani, A kashirikiana lakini B kasoma kasaliti. B anajibu kwa kusaliti. A anaona kasalitiwa bila kosa, raundi inayofuata naye anajibu, na wakati huo B ameshaona mwenzie alishirikiana kwahiyo amerudi kushirikiana, anapigwa, naye anajibu... wanapokezana hivyo mpaka gemu iishe, na wote wawili wana haki kwa macho yao. Hakuna mbaya pale na hakuna anayeacha.

Dawa waliyoipata watafiti Martin Nowak na Karl Sigmund, walichapisha 1992, ni Tit for Tat yenye ukarimu, inajibu lakini mara moja moja inaachilia, na kwa zile pointi za 5, 3, 1 na 0 wakapata kipimo kizuri ni kuachilia kama theluthi ya mara unazosalitiwa. Muhimu aachilie bila ratiba, mwenzio akijua lini unasamehe amekumaliza.

Ila usiende mbali sana na upole. Axelrod aligundua kwamba programu inayosubiri isalitiwe mara mbili ndo ijibu ingeshinda yale mashindano ya kwanza kama kuna mtu angeileta. Mashindano ya pili John Maynard Smith, mtaalamu wa biolojia, akaileta. Ikawa ya 24. Safari hii walikuwepo wajanja wanaojaribu jaribu, wakagundua kila baada ya raundi moja ya amani wanaweza kuiba moja, ikawa shamba la bibi.

BintiKamusi

Mleta mada kuna swali lako la tatu limeachwa njiani. Andika tu kwenye barua ya ofisi, haina matusi, magazeti mazito na hotuba za bungeni zinaitumia. Ila ujue ina harufu ya utoto, ukimwambia mtu hii ni tit for tat unamaanisha pia acheni mambo ya kitoto wote wawili, kwahiyo bosi wako usimwandikie hivyo kama hutaki akununie. Barua nzito sema "retaliation" au "reciprocal measures", ndo lugha ya wanasheria na mabalozi.

Usiitumie kwa mema. Umenisaidia nami nakusaidia, hiyo kwao ni "quid pro quo", ambayo nayo ina historia yake ya wauza dawa wa zamani, dawa moja wakiikosa wanakupa nyingine mahali pake, hii badala ya ile.

Na kuna sehemu moja inatumika sana na mi inanikera. Ireland Kaskazini miaka ya 1970, wakati wa mapigano ya wakatoliki na waprotestanti, magazeti yalizoea kuandika "tit-for-tat killings". Januari 1976 jioni moja wakatoliki 6 wa familia mbili walipigwa risasi majumbani mwao wakapoteza maisha, kesho yake karibu na Kingsmill basi dogo la vibarua wanaotoka kazini likasimamishwa, waprotestanti 10 wakauawa kando ya barabara. Tit for tat hiyo? 6 kwa 10, na hakuna hata mmoja kati ya hao 10 aliyehusishwa na ya jana yake. Neno la vikofi kulibebesha maiti mi naona linapunguza uzito wa kilichotokea, hata kama kamusi inaruhusu.

Kuhusu kuandika, ikikaa mbele ya jina weka vistari katikati, "tit-for-tat tariffs". Ikisimama peke yake acha bila vistari. Na usiiwekee wingi popote pale, hapo ndo utarudi kwenye ile maana uliyoogopa kuiandika 😅